Tulipoupa Ukuta Mgongo

Tulikuwa tumezima injini mbele ya ukuta wa barafu kwa saa nne, na ukuta haukutaka kuanguka. Bibi Kirsten, mgeni aliyeikodi boti yangu peke yake, alikaa omoni, mbele kabisa ya boti, na kamera magotini, ametulia tuli. Mimi sikutulia. Nilikwenda usukanini, nikarudi nyuma, nikafunga kamba iliyokwisha kufungwa.

"Kaa chini, shemeji," alisema Enok, kaka wa marehemu mke wangu, huku akitafuna samaki mkavu. "Utaitoboa boti na hayo mabuti yako."

"Simu imeshika?"

"Ishike wapi? Tangu lini mtandao ukafika huku ndani?"

Nilijua. Niliuliza tu. Asubuhi, kabla hatujaingia kwenye mkono huu wa bahari, binti yangu Arnannguaq alinipigia: uchungu umeanza, wiki mbili kabla ya siku zake, yuko hospitali ya mjini kwetu, Ilulissat. Ningegeuza pale pale. Lakini mgeni ametoka Denmark kuja kuona barafu ikianguka, nami si mtu wa kumbebesha mgeni shida zangu. Huo ndio ujinga wetu watu wa huku. Tukitaka kusema hapana tunakunja pua, basi, tunadhani dunia nzima imeelewa.

Na ujinga huo ulishaniumiza. Agosti iliyopita nilikuwa hapa hapa na wageni wengine wakati Nuka, mke wangu, anakata roho. Nilifika wameshamfunika. Sasa mtoto wa kwanza wa nyumbani tangu afe alikuwa njiani, na jina la Nuka lilikuwa linamngoja. Kwetu mtoto akipewa jina la marehemu, marehemu mwenyewe amerudi. Nilimkosa akiondoka. Nimkose na akirudi?

"Nahodha, una haraka?" Bibi Kirsten aliuliza.

Nikainua nyusi, maana yake ndiyo. Akatabasamu, akaugeukia ukuta wake.

"Inua tena, labda zitaruka," Enok alininong'oneza. Kisha akachoka nami. "Mama," akamwambia mgeni, "mke wake anazaliwa leo mjini, na yeye yuko hapa anahesabu misumari."

"Mke wake anazaa?"

"Anazaliwa." Akamweleza yote, la mwaka jana pia.

Kamera ikarudi mkobani. "Na umeninyamazia saa nne?" Bibi Kirsten alinifokea. "Washa injini!"

Tukageuka. Hatukufika mbali, nyuma yetu kukapasuka mlio ulionitetemesha meno. Kipande kikubwa kuliko kanisa letu kilishuka majini. Nikageuza boti haraka ili omo likabili wimbi. Tukapanda, tukashuka, birika la kahawa likaruka. Bibi Kirsten hakupiga hata picha moja. Alikuwa ameng'ang'ania kiti kwa mikono miwili.

Wimbi lilipopita, mapande ya barafu yalikuwa yameziba njia yote. Saa nzima tuliyasukuma kwa fito, moja moja. Nilililaani kila pande, kisha nikalia, na sioni aibu kusema.

"Dada yangu alikungoja miaka thelathini," Enok alisema akisukuma. "Saa moja haitamshinda."

Tulipotoka nje, simu ikashika, ujumbe ukaingia: Mvulana. Wote wazima.

"Mvulana," nikasema. "Wakwe wa Arnannguaq watampa jina la babu yao."

"Tangu lini jina likavaa sketi?" Enok alijibu, lakini hakunitazama. Saa tatu zilizobaki hadi mjini niliziendesha nimesimama.

Niliingia hospitali na mabuti yangu ya baharini. Arnannguaq alikuwa amejilaza, mtoto kifuani. Hakunisalimu. Alimwinamia mtoto.

"Mama, amka. Mumeo huyu hapa. Amechelewa tena, mseme wewe mwenyewe."

 Nikavua kofia.

"Nisamehe, Nuka," nikasema. "Na ya mwaka jana pia."

Mtoto akafungua jicho moja, akakunja pua. Nikavuta kiti, nikakaa.