Kubonyeza Bila Kusikia

Fausta, mwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Shanwe, alinisema mbele ya wateja. "Malale, mwanamke anapiga kelele kanga yake imenaswa kwenye mkanda, wewe unaendelea kumimina mpunga! Nenda kapime masikio. Bila hivyo hugusi tena mashine yangu."

Sijui kazi nyingine. Nilikwenda kliniki na nia moja: kufaulu.

Mpimaji alikuwa binti, Annonciata. Alinimulika masikioni kwa kitochi kutafuta nta. Halafu akaniziba sikio kwa kiraba laini, akasema nisimeze mate. Sikio likajaa hewa, kama gari linaposhuka milima ya Mwese. Haikuuma.

"Napima ngoma ya sikio," akasema.

"Imewambwa ngozi gani?"

"Yako mwenyewe, baba. Na iko vizuri."

Baadaye akaniingiza kwenye kibanda chenye mlango mnene na dirisha la kioo, akanivisha spika za masikioni, akanipa kitufe. "Ukisikia mlio, hata mdogo, bonyeza. Usiposikia, tulia."

Mlio wa kwanza ulikuwa mnene. Nikabonyeza. Kisha kimya. Binti akanitazama kupitia kioo. Sisi Wasukuma mtu akikuelekea hivyo humwachi bila kumwitikia. Nikabonyeza. Akanitazama tena, nikabonyeza tena.

Akafungua mlango. "Baba, sijawasha kitu. Unamwitikia nani?"

"Wewe. Si umeniangalia?"

Alicheka mpaka akashika meza. Akageuza kiti changu. "Angalia ukuta. Ukuta hausalimii. Na usinidanganye. Nikiandika mzima, kanga nyingine itanaswa."

Hapo nikatulia kweli. Kukaa na kitufe mkononi bila kukibonyeza ni kazi ngumu. Akaniwekea kifaa kingine kwenye mfupa nyuma ya sikio, nikasikia mlio ukitokea ndani ya kichwa. Ajabu.

Mwishoni alinionyesha mchoro, mstari unaoteremka. "Sauti nene unazo. Nyembamba zimepungua, za wanawake na watoto. Inaelekea ni kelele za mashine. Hazirudi, ila ukiziba masikio kazini utalinda zilizobaki. Kuna na vifaa vya kusaidia kusikia, tutaongea."

"Niwekee huo mlio nisiousikia. Uongeze."

Akaongeza, akaongeza. Ukaja mwembamba kama nyenje.

"Huu upo siku zote?"

"Upo."

Nikamwomba aurudie.

Kwa Fausta sikuzunguka. "Mashine naisikia. Mtu akilia pembeni, siahidi kumsikia."

Akafikiri. "Basi mkanda naufungia wavu. Swichi atashika Emelyne, msichana wetu wa mizani. Wewe mimina mpunga, na masikio uzibe."

Swichi ile nimeishika tangu nilipoacha shule. Iliniuma, nikakubali.

Siku ya kwanza Emelyne akazima mashine ghafla. Nikatoa vizibo, nikamuuliza kasikia nini.

"Kuku."

"Analiaje?"

Akanitazama kama nimechanganyikiwa, kisha akaigiza, kwa nguvu, mpaka wateja wakageuka.