Siku Nadine Alipoingiza Trela

Habari hii alinipa Nadine Hostetter mwenyewe, jirani yangu wa ua kwa ua hapa Missouri, Septemba iliyopita, tukikatakata maharage mabichi kibarazani kwake. Verlin, mumewe, alikuwa amekaa papo hapo, na kila alipotaka kuchomekea neno aliambiwa ale pichi lake anyamaze.

Watu hawa wana desturi. Kila mwaka, shule zikikaribia kufunguliwa, huvuta trela yao ya kulala mpaka kambi ya hifadhi ya jimbo, kule mtoni, na hukaa kiwanja kilekile, chini ya mti mkubwa wa gome jeupe ulioyainamia maji. Binti yao Gwen alijifunza kutembea pale. Dereva siku zote ni Verlin. Kazi ya Nadine ni kusimama nyuma na kupunga mikono wakati trela inaingizwa kinyumenyume, na kazi ya Verlin ni kuchungulia dirishani na kulalamika kwamba haelewi anapungiwa nini. Wakimaliza hawasemeshani mpaka kahawa ichemke. Wala si wao peke yao. Pale kambini, ukitaka kuijua ndoa ya watu, wangojee waingize trela.

Basi majira ya baridi yakapita, na Verlin katikati ya macho pakamwingia doa. Pembeni anaona, akikutazama usoni ndipo haoni kitu. Daktari akasema asiguse tena usukani. Gwen naye akaja Jumapili moja baada ya ibada akasema yamekwisha, trela iuzwe, kuna mtu wa kazini kwake anaitaka. Gwen hana roho mbaya. Ana woga, na woga wa mtoto kwa wazazi wake hutoka mdomoni kama amri.

Nadine aliikunja leso ya mezani, akaikunjua, akaikunja tena. Halafu akamwambia binti yake wapatane. Yeye ataivuta mwenyewe mpaka mtoni na kuiingiza kiwanjani mwenyewe. Akiweza, haiuzwi. Mtu mwingine yeyote akishika usukani wake, imeuzwa. Gwen akakubali upesi, na ule upesi ndio uliomuuma Nadine.

Kuvuta trela barabarani si kazi, inakufuata tu. Kuirudisha nyuma ndiko kwenye shughuli, maana ina ukaidi wa mbuzi: ukigeuza usukani kulia, yenyewe inashika kushoto. Verlin alimfundisha kwenye uwanja wa kanisa, siku isiyo na ibada, amekaa kando yake amefumba macho. Alimwambia aushike usukani sehemu yake ya chini, na kule anakotaka makalio ya trela yaende, mkono uende hukohuko. Kanisani iliingia vizuri, lakini kanisani hapana miti.

Walifika Ijumaa alasiri. Kambi imejaa, moshi wa kuni umetanda, na watu wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja, kila mmoja ana gazeti au kopo la bia mkononi. Trela mpya ikiingia barabara ya kambi, magazeti hushuka kidogo. Hakuna anayekubali kwamba anatazama. Wote wanatazama.

Mara ya kwanza Nadine nusura aling'oe bomba la maji. Akasogea mbele, akajaribu tena. Safari hii pikapu na trela vikakunjana kama kiwiko, na tairi moja likapanda kwenye mawe ya kuwashia moto. Gwen, aliyewafuata na gari lake, alikuwa amesimama amefumbata mikono. Jirani wa kiwanja cha pili, mwanamume mnene aitwaye Duane, akaja taratibu mpaka dirishani.

"Mama, niachie dakika mbili nikuwekee. Wala si tabu."

Alisema kwa wema kabisa. Jasho lilikuwa likimtiririka Nadine mgongoni, na kitasa cha mlango kiko karibu. Kushuka tu, na fedheha imekwisha. Akamshukuru, akamwambia hapana, akageuza kioo cha pembeni. Humo akamwona Verlin nyuma akimpungia kwa mikono yote miwili, njoo, njoo, kwa furaha, na mti mweupe umebaki shubiri moja kutoka kwenye trela.

Akazima injini, akashuka.

"Unaniita njoo, Verlin, na mti huu hapa."

"Mti siuoni. Ningeuona ningekwambia."

"Sasa unapunga nini?"

"Napunga kama ulivyokuwa ukipunga wewe."

"Mimi nilikuwa naona!"

"Na mimi nilikuwa sikuangalii mikono," Verlin akasema. "Miaka yote hiyo. Unapunga kama mtu anayefukuza nyigu, bibie, nani angeelewa? Nilikuwa naangalia kama umekimbia. Umesimama, najua pana nafasi."

Nadine aliniambia hakujua acheke au ampige kibao. Verlin akapapasa mpaka akalishika gome la mti, akahesabu kwa miguu kuja upande wa dereva, akasimama kando akiwa wima.

"Kona ya nyuma huwa inakaa hapa. Niweke kwenye kioo chako, uje kwangu polepole."

"Nikikugonga?"

"Hujanigonga mpaka leo, na sababu umekuwa nazo."

Gwen akapaza sauti, "Baba, toka hapo."

"Gwen, tafuta kiti ukae kama wenzako."

Nadine akarudi kwenye usukani. Akasogea mbele mpaka pikapu na trela vikanyooka, akaweka mkono chini. Hakutazama bomba, hakutazama watu. Kwenye kioo alimtafuta Verlin na shati lake la njano, akamwendea. Polepole mno. Miguu ya Verlin haikusogea. Trela ikapita kando ya mti, ikazidi kuja, mpaka Verlin akanyoosha kiganja, akaipapasa kona kama mtu anavyompapasa farasi, akaigonga mara mbili. Nadine akakanyaga breki.

Magazeti yakapanda tena. Duane akainua kopo lake juu, akarudi kwake.

Gwen akazunguka nyuma, akatazama, akasema imepinda kidogo.

"Baba yako alikuwa akiipindisha zaidi," Nadine akamjibu.

Gwen akachukua simu yake akapanda mpaka kwenye mabafu, maana bondeni mtandao hakuna, akamwambia yule mtu wa kazini atafute trela nyingine. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akauliza kama ile pai ya pichi aliyooka mama yake kwa safari imebaki.

Ilibaki. Wakala mahindi na soseji za kuchoma, wakala na pai. Gwen hakuondoka. Meza ya ndani ikashushwa ikawa kitanda, akalala hapo, miguu imening'inia nje kwa urefu, na kabla hajamaliza kulalamikia godoro akawa keshasinzia. Verlin akafuata, akikoroma. Nadine akabaki akiusikiliza mto, mikono yake bado ikihisi usukani. Akaiingiza chini ya mto wa kichwa, ikatulia, naye akalala.