Kitanda cha Wanjugu

Kiragu alikuwa seremala wa Kabiria kwa miaka ishirini na miwili. Kuanzia hapo hadi Mutuini, nyumba nyingi zilikuwa na mlango au meza iliyotoka mikononi mwake. Binti yake Wanjugu alipokuwa mdogo, Kiragu alimwahidi kwamba siku atakapoolewa atapewa kitanda cha mvule, na atakichonga yeye mwenyewe baba yake. Mbao alizitafuta mapema, akazipanga karakanani zikauke.

Februari mwaka 1975, akiwa ameinama anapiga randa, mkono wa kulia ulilegea ghafla naye akaanguka. Alizindukia hospitalini. Daktari alisema ni kiharusi. Mguu ulirudi polepole, na maneno yakarudi, lakini mkono ulibaki unaning'inia kama wa mtu mwingine. Harusi ya Wanjugu ilikuwa Agosti.

Mpaka Julai alijaribu kwa mkono wa kushoto. Mkewe, Wangu, alisikia msumeno ukikwama, ukianza, ukikwama tena. Asubuhi moja alimkuta amekaa sakafuni, ubao umepasuka vibaya mbele yake.

"Baba Wanjugu," alisema, "mjini kuna vitanda vya kuunganisha nyumbani. Vinafungwa ndani ya boksi. Twende tukaone."

"Nenda wewe."

"Mimi nitajuaje kuchagua?"

Kiragu aliusukuma kando ubao uliopasuka, kisha akaomba koti lake.

Muuzaji wa duka moja la katikati ya jiji aliitwa Idarus, mtu wa Lamu, mpole. "Shikamoo, mzee," alisema, akawapeleka penye kitanda kilichounganishwa ili wateja wakione. Kiragu alikipapasa ukingoni, akakigonga kwa kifundo cha kidole.

"Hii si mbao. Ni unga wa mbao umebanwa na gundi."

"Ni kweli, mzee, lakini kiko imara. Na uzuri wake, hakihitaji fundi. Yeyote anaweza kukiunganisha."

Idarus hakuwa na nia mbaya. Wangu alimwona mumewe akiushika ule mkono wa kulia kwa wa kushoto na kuuingiza mfukoni, kama anayeficha kitu.

"Tufungie," Kiragu alisema.

Jumamosi mama na binti walitandaza vipande sebuleni, na karatasi ya michoro katikati yao. Kiragu alikaa kitini akitazama. Mapema tu aliona wamegeuza ubao mmoja wa ubavuni, lakini hakusema. Baadaye alikiri kwa Wangu kwamba moyoni aliomba kile kitanda kiwashinde.

Bolti zilikataa kuingia. Wanjugu alijifuta jasho.

"Baba, tumekosea wapi?"

Alimtazama kwa muda mrefu. "Geuza huo wa kushoto," alisema mwishowe. "Matundu yaangalie ndani."

Bolti zikaingia. Haikupita saa moja, kitanda kikasimama. Wanjugu alikikandamiza kwa viganja vyote viwili, nacho hakikutikisika.

"Ni kizuri, Baba," alisema. "Lakini mimi nilitaka chako."

"Hata mimi, mama. Hata mimi."

Wanjugu alipiga magoti mbele ya kiti, akaunyanyua ule mkono uliokufa na kuuweka juu ya kichwa chake. Kiragu aliona vidole vyake vimelala kwenye nywele za binti yake, na havikumwambia chochote. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitalini.

Agosti kitanda kilifunguliwa, kikarudishwa ndani ya boksi, kikaenda na bibi harusi.

Mwezi mmoja baadaye, mtu mgeni kutoka Mutuini alisimama uani, ambako Kiragu alikuwa ameketi kwenye benchi akiota jua.

"Namtafuta fundi Kiragu. Nimesifiwa milango yake."

"Hayuko," Kiragu alijibu.

"Atarudi lini?"

"Sijui, bwana. Tafuta mwingine."

Wangu alikuwa jikoni anamenya viazi, akayasikia yote. Aliweka kisu chini, akatoka na kuketi kando ya mumewe. Hakumsahihisha. Walimtazama yule mgeni akishika njia ya kuelekea barabarani mpaka akapotea, na hata baada ya hapo hakuna aliyeinuka.