Buti Juu ya Zulia

Wasi, mlinzi wa mlangoni, alisema tangu mwanzo, tena mbele ya kamati nzima: "Mtu aliyewauza wenzake, sisi atatuonea haya gani?"

Hyderali akamkata jicho. Yeye ndiye msimamizi wa walinzi wa kujitolea katika imambara yao, ukumbi mdogo wa ibada wa Mashia huko Scarborough, iliyobanwa kati ya kinyozi na duka la simu, na yeye ndiye aliyemleta Faraz. Faraz aliwahi kukaa na magaidi. Akawatoroka, akaja kusema kwamba mmoja wao atawavamia waumini siku ya Ashura, Mashia wanapowaomboleza mashahidi wa Karbala. Polisi walikiri kuwa habari zake huwa za kweli, ila yeye mwenyewe hawamwamini sana.

"Namdhamini mimi," alisema Hyderali. "Likitokea la kutokea, nishikeni mimi."

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na kikombe cha chai mkononi. Asubuhi ya Ashura maneno yale yakaanza kumwelemea. Binti yake Ruqayyah alikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, na mtoto mchanga mapajani. Na Faraz, aliyepangiwa kulinda nje kwenye magari, alikuwa amemuuliza mara mbili taa huzimwa saa ngapi. Kwao taa huzimwa kisa cha Karbala kinapofikia kilele, watu walie bila kuonana. Sasa mara mbili za nini?

Saa saba mchana taa zikazimwa. Ukumbi ule hauna dirisha hata moja. Vilio vikapanda, vifua vikapigwa, sakafu ikatetemeka. Kwa mwanga mwekundu wa taa ya mlango wa dharura, Hyderali akaona buti. Buti, jamani, juu ya zulia! Hata mwizi akiingia imambara huvua viatu. Faraz alikuwa anawaruka watu, mbio, kuelekea pazia la wanawake, mdomo wazi, sauti yake ikimezwa na vilio.

"Mshenzi! Ndumilakuwili!" Damu ilimchemka Hyderali. Akaubeba mtungi wa kuzimia moto, akamtandika nao kichwani. Faraz akaanguka. Akampiga tena, usoni, akasikia taya likivunjika, na, Mungu amsamehe, akaona raha.

Faraz hakujikinga. Aliinua mkono akaonyesha pazia.

Mwanamume mwenye kanzu nyeusi alikuwa amesimama pale, miguu mitupu. Alikuwa amefika kwa kuchelewa kidogo, akavua viatu vyake mlangoni na kuvipanga vizuri, na Hyderali mwenyewe ndiye aliyemkaribisha. Sasa alikuwa na kisu kirefu na alikuwa analichana pazia.

Mayowe yakazuka. Kisu kilimpasua Ruqayyah bega alipomfunika mwanawe. Kikainuliwa tena. Hyderali akafa ganzi, mtungi mkononi, hawezi hata kupiga hatua. Faraz, uso wote damu, akatambaa akaukamata mguu wa yule mtu kwa mikono miwili. Akachomwa shingoni. Akachomwa mgongoni mara tatu. Hakuachia. Ndipo Hyderali alipozinduka, akamponda yule muuaji kichwa, akaponda, mpaka watu wakamvuta nyuma.

Taa zikawashwa. Faraz alikuwa ameshakata roho, na vidole vyake bado vimeng'ang'ania ule mguu.

Wasi alikuja. "Aliliona gari la wale magaidi nyuma ya maduka," alisema. "Akaja mbio mlangoni, anapiga kelele, yumo ndani, yumo ndani! Nami nikamshika shati, nikamwambia avue viatu kwanza."

Hyderali alipiga magoti, akaanza kufungua kamba za zile buti. Mafundo yalikuwa yamelowa damu. Ruqayyah akakaa karibu naye, bega limefungwa mtandio, akamtazama maiti.

"Baba," aliuliza, "huyu nani kamvunja taya?"

"Mimi, mwanangu."

Ruqayyah akanyanyuka na mtoto wake, akamwacha baba yake pale, akaenda kukaa karibu na Wasi.