Vijiti Viwili

Mkewe ndiye aliyempa jina la Fundi Mkuu, na hakumpa kwa sifa. Alimpa siku alipotengeneza mlango wa jikoni, ukawa tangu hapo unafungwa kwa teke na kufunguliwa kwa bega. Kabla ya hapo alikuwa ameifufua pasi, na pasi ikaanza kurusha watu kwa umeme. Mwingine angeona haya akatafuta jambo jingine la kufanya baada ya kustaafu. Yeye alilipenda jina hilo. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa karani wa bohari, akiwapa mafundi vipuri dirishani na kuwasainisha, na miaka yote hiyo alijiambia kwamba wanachokifanya wale hakihitaji akili ya ajabu.

Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa amesimama uani mbele ya gari lake, boneti iko juu, na miguuni pake pampu mpya ya kunyonyea oili.

Wiki ile gari halikuwa kitu cha kuchezea. Binti yao wa pekee alikuwa chumba cha nyuma, mjamzito wa miezi minane na nusu. Mumewe alifanya kazi mbali, naye binti alikuwa amekuja kujifungulia kwa wazazi. Uzazi wake wa kwanza nusura umchukue. Damu haikukatika, mpaka wauguzi wakaacha kuongea kwa sauti, na mtoto mwenyewe hakupona. Safari hii daktari wa hospitali kubwa alisema waziwazi, akimtazama baba mtu usoni: "Uchungu ukianza msingoje. Mleteni ndani ya saa moja. Zaidi ya hapo siahidi kitu."

Mpaka hospitali ni dakika arobaini. "Gari lipo, daktari," alijibu Fundi Mkuu, na hata dereva wa kukodi hakutafutwa.

Basi akaamua kulihudumia gari mwenyewe. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa fundi magari hasa, mwenye gereji mitaa miwili kutoka pale. Ijumaa alipita kumjulia hali mpwa wake, akaiona ile pampu barazani.

"Shemeji, hii ya nini? Ya kupulizia mbu?"

"Ya kunyonyea oili. Hakuna kulala chini ya gari wala kuhangaika na nati. Unaingiza mrija pale panapokaa kijiti cha kupimia, unapampu, oili inapanda yenyewe."

"Niletee mimi bwana. Dakika ishirini tu, halafu utaninunulia soda."

"Wewe hangaika na wateja wako. Gari langu nalijua."

Shemeji alicheka. Alikuwa na kicheko kikubwa, cha kuitia watu, na mkewe Fundi Mkuu akacheka naye, na binti kule ndani akasikika akicheka huku akishika tumbo. Fundi Mkuu peke yake hakucheka.

Kwa hiyo Jumamosi alifanya kila kitu kama kikaratasi kilivyosema. Aliwasha injini dakika tano ili oili ipate moto iwe nyepesi, akaizima. Akachomoa kijiti, akakifuta, akausukuma mrija taratibu mpaka akahisi umegonga chini. Akapampu mara ishirini, akaachia.

Sasa nisikilize. Gari lile lilikuwa la otomatiki, na lilikuwa na vijiti viwili. Kimoja cha oili ya injini, cha pili cha oili ya giaboksi. Cha injini kilijificha nyuma ya bomba la hewa, kimeshikwa na grisi na vumbi. Cha giaboksi kilikuwa mbele ya macho yake. Tangu alinunue gari lile oili ilipimwa na shemeji, yeye kazi yake kushika funguo na kuzungumza. Akashika kile alichokiona.

Oili ikaanza kupanda kwenye mrija, ikajaa mtungini polepole, lita moja, mbili, tatu, nne. Ilikuwa nyepesi, nyekundu iliyofifia. Mkewe alitoka na beseni la nguo, akasimama.

"Mbona nyekundu? Ya kaka huwa nyeusi tii."

"Hiyo ni ya magari yasiyotunzwa," alisema, kwa uhakika ambao ulimridhisha hata yeye mwenyewe.

Kisha akafungua filta ya injini, na filta ikamdondoshea kiganjani oili nyeusi, nzito. Akaitazama ile nyeusi mkononi, akaitazama ile nyekundu mtungini. Akajifuta mkono kwa tambara, akafunga filta mpya, akamimina lita nne za oili mpya kwenye injini, akateremsha boneti. Seremala jirani akaja na ndoo kuomba ile iliyotoka, akaende kupaka nguzo zake zisiliwe na mchwa. Akapewa yote.

Jumapili mchana, watu wamepumzika, Fundi Mkuu alirudi uani kuangalia kiwango. Akachomoa kijiti chake. Kikavu. Akakifuta, akakirudisha, akachomoa tena. Kikavu kama njiti ya kiberiti. Akainama, akasogeza bomba la hewa, na hapo ndipo alipoona pete ya kijiti cha pili.

Akakivuta. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, ikaendelea kupanda, vidole vinne vizima.

Hakuhitaji kuambiwa. Injini ilikuwa na oili mara mbili, na giaboksi, isiyoweza kusukuma magurudumu bila oili, haina kitu. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alipata hofu ya kweli, hofu ya mtu aliyeshika roho ya mwanawe akaidondosha. Oili ya giaboksi hakujua hata ni ya aina gani. Aliyejua alikuwa mmoja, na Jumapili mtu huyo hukaa kwake bure, miguu juu ya stuli.

Simu alikuwa nayo mfukoni. Akaitoa, akalitafuta jina la shemeji, akaliona. Kidole kikasimama. Akakisikia kile kicheko kabla hakijachekwa, akakisikia kikisimuliwa misibani na harusini mpaka siku atakayozikwa. Akajiambia: kesho. Kesho asubuhi nitalipeleka gereji polepole, nimwambie faragha, tumalizane kiume. Uchungu bado wiki mbili.

Akairudisha simu mfukoni. Ukitaka kujua ni wapi alipokosa, usiangalie Jumamosi. Kukosea kijiti ni kukosea tu, hata mafundi wa kweli hukosea.

Jioni, mezani, binti alimsogezea baba yake sahani. "Ahsante kwa gari, baba. Sasa hivi nalala usingizi. Mwezi mzima nilikuwa naota tumekwama njiani."

"Kula, mwanangu," alisema.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, alikuwa anavaa viatu aende gereji. Kiatu kimoja kiko mguuni, cha pili mkononi, ndipo mkewe alipopiga kelele kutoka chumba cha nyuma.

"Baba! Washa gari! Chupa ya maji imepasuka!"

Hapo tena alikuwa na nafasi. Shemeji alikuwa na pikapu, angefika kwa dakika tano. Yalikuwa ni maneno mawili tu: gari bovu. Lakini mdomo ulikuwa mzito, na mkewe alikuwa anampita mbio na mfuko wa nguo za mtoto, na kichwani mwake sauti ndogo ilimbembeleza: dakika arobaini tu, labda litafika. Akavaa kiatu cha pili, akaenda kuwasha gari.

Liliwaka. Lilitoa moshi wa rangi ya buluu uani, mkewe akakohoa, hakuna aliyeuliza. Akalitoa getini kinyumenyume, likakubali. Akaingiza gia ya mbele, likasita kidogo, likakubali. Alishika usukani kwa mikono miwili na kuomba, yeye ambaye hakuwa mtu wa kuomba. Wakapita kituo cha mafuta, wakapita shule, wakapita maghala. Robo saa. Binti alikuwa kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, akipumua kama alivyofundishwa kliniki.

Kisha kikaja kile kilima kirefu cha matangi ya maji.

Katikati ya kilima injini ilipiga kelele. Alikanyaga, kelele ikazidi, gari likapunguza mwendo. Alikanyaga mpaka chini, injini ikalia kama kitu kinachochinjwa, na gari likasimama kabisa. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Kisha, taratibu, likaanza kurudi nyuma, na akavuta breki ya mkono.

"Nini?" aliuliza mkewe.

"Gia."

"Gia imefanya nini? Si umelihudumia juzi?"

Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akamshika binti mkono. Mkono ulikuwa wa baridi. Kwenye kiti palikuwa na damu, si nyingi, lakini ilikuwapo. Lori lililobeba magodoro likasimama nyuma yao, dereva akaruka chini, akaona, hakuhitaji maelezo.

"Mbele nina nafasi ya wawili tu," alisema. "Fanyeni haraka."

Mkewe alikuwa ameishi na Fundi Mkuu miaka thelathini na mitatu. Alimtazama usoni pale barabarani, magari yakiwapigia honi, na sauti yake ikatoka ndogo.

"Ulijua?"

Angeweza kusema hapana. Na kusema kweli, alitaka.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Jana mchana."

Mkewe akachukua mfuko wa nguo za mtoto, akatangulia kwenye lori.

Binti alikuwa amesikia yote. Alimtazama baba yake muda mfupi, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali. Kisha akautoa mkono wake mkononi mwa baba, akamnyooshea yule dereva.

"Nishike, kaka," akasema. "Nisaidie nipande."