Namba Nne, Tisa na Kumi na Saba

Edgar alisoma kozi ya kompyuta kwa miezi mitatu, na tangu wiki ya pili alianza kujiita mhandisi. Shule moja ya binafsi kule Mbezi ikamwamini. Ilikuwa inatafuta walimu watatu, waombaji walikuwa ishirini na sita, na mkuu wa shule, Mwalimu Adelard, alishaitangazia bodi kwamba safari hii hakuna kujuana, kompyuta ndiyo itakayochagua.

Siku moja kabla ya kikao alimwita Edgar ofisini, akafunga mlango, akamsogezea kikaratasi chenye namba tatu: nne, tisa, kumi na saba. Edgar alipofungua orodha ya waombaji aliona wa nne ana jina la ukoo la mkuu mwenyewe. Akajifanya hakuliona. Akaiandikia programu yake iwachague waliopo nafasi hizo tatu, akaenda zake kula chipsi.

Kesho yake, mbele ya bodi nzima, alibonyeza kitufe kwa madaha. Ukutani yakatokea majina: Tupokigwe, Hilal, Widad. Mkuu akakodoa macho. Hata Edgar alijua hao sio wale wa kwenye kikaratasi. Mama Bupe, mjumbe wa siku nyingi, akasema amekaa kwenye bodi ile miaka tisa na leo ndiyo mara ya kwanza kuona majina asiyoyajua. Wakapiga makofi. Mwalimu Adelard akalazimika kusimama kushukuru, kwa sauti ya mtu anayesoma wasifu wa marehemu.

Mlango ulipofungwa tena, mkuu hakupandisha sauti.

“Nilikuandikia nne.”

“Niliweka nne, mkuu. Ila kompyuta inaanza kuhesabu na sifuri. Nne yake ni mtu wa tano.”

Hilo lilifundishwa siku ya kwanza ya kozi, wakati Edgar yuko nje anapigwa picha akiwa ameshika kompyuta.

“Kwa hiyo wa kwanza anaitwa sifuri?”

“Ndiyo, mkuu.”

“Basi wewe ndiye wa kwanza.”

Kurudia uchaguzi haikuwezekana, Mama Bupe alishayabandika majina ubaoni kwa mkono wake. Edgar hakuitwa tena pale. Yule wa nne, mtoto wa kaka wa mkuu, akapewa ukaguzi wa usafi, cheo ambacho hakikuwahi kuwepo na hakikuhitaji kompyuta.

Jumatatu Tupokigwe, aliyefundisha fizikia kwa kujitolea Mwananyamala miaka sita, aliripoti akaomba ufunguo wa maabara. Walihangaika kuutafuta hadi saa nne. Mlango ulipofunguka, walikuta imejaa viti vya harusi ambavyo Mwalimu Adelard alikuwa akivikodisha. Tupokigwe akaagiza vitolewe kabla ya kipindi cha tano, na mkuu, kwa kuwa bodi ilikuwa bado inamsifu, akasaidia kuvibeba.