Mikono ya Brashi

Ndani ya ukumbi ule hanywi mtu. Si kwa ajili ya dini wala sheria. Ni kwa ajili ya poda. Kabla muziki haujaanza, Sindano, mwenye santuri zake za muziki wa soul, hupita na kopo la poda ya watoto akiinyunyiza juu ya mbao mpaka sakafu inakuwa kama imemwagikiwa unga, ili viatu viteleze. Tone moja la kitu cha maji likianguka hapo, poda inageuka uji, na anayekuja kwa kasi anavunjika mguu. Kwa hiyo watu hunywa kwanza, kwenye ngazi za nje, kisha huingia wakiwa wamekwisha kujaza tangi, kama wanavyosema wenyewe.

Mimi sinywi. Mimi huingia na woga wangu hivyo hivyo.

Aliyenipeleka pale ni shemeji yangu, mume wa dada. Kazi yake ni kuandika mabango ya maduka, na watu wote wanamwita Brashi. Jioni moja alinikuta jikoni nikipanga vyombo huku nacheza peke yangu, akasema, "Kumbe huyu ana miguu. Mdomo tu ndio alisahau kuja nao." Ni kweli. Kwa fundi cherehani ninakofanya kazi, nashona vifungo mchana kutwa na wateja wengine wanadhani mimi ni bubu. Lakini ukiwa unacheza hakuna anayekuuliza swali. Ndiyo maana nilikubali.

Tulikuwa na mchezo wetu mmoja ambao watu waliusubiri. Katikati ya wimbo nasimama nikimpa Brashi mgongo, mikono nimeikunja kifuani, halafu najiachia kinyumenyume, mzima mzima, kama mti uliokatwa. Yeye ananidaka karibu kabisa na sakafu, ananirusha juu, tunaendelea. Sheria ilikuwa usigeuke kutazama. Ukigeuka, bega linatangulia, uzito unahama, na mikono yake inakuta hewa. Badala ya kutazama, yeye hunigusa mgongoni kwa vidole viwili. Maana yake, nipo. Nikivihisi vile vidole, naanguka.

Kwenye mfuko wake wa viatu alikuwa na chupa bapa ya kinywaji kikali, cheupe kama maji. Alikiita grisi. "Mashine bila grisi, shemeji, inapiga kelele tu," alikuwa akiniambia. Ananywa ngazini, anawagawia wenzake, anatafuna karafuu, tunaingia.

Wiki moja alizidisha, akanidaka kwa kuchelewa. Nywele zangu ziligusa sakafu. Watu walipiga makofi wakidhani ni ufundi mpya. Kesho yake Dada alipokuwa ananisuka alikuta poda kisogoni, imeshikamana na ngozi.

"Hii imefikaje huku?"

Nikamwambia. Sikumwambia yote, lakini Dada si mtu wa kuambiwa yote.

Siku mbili kabla ya usiku mwingine wa muziki alitia kufuli kwenye stoo ya nyumbani anamoweka rangi Brashi, akasema kuna panya. Na jioni yenyewe, Brashi akiwa anaoga, aliichukua ile chupa, akaimwaga, akaijaza maji ya mtungi.

"Wewe hujaona kitu," akaniambia.

"Atajua akionja."

"Akijua atakuwa ameshafika ukumbini. Kwani hutaki udakwe na mtu mwenye akili zake?"

Nilisema nataka. Ningesema nini?

Tulifika ngazini giza likiingia. Wenzake walikuwa wameshaegemea ukuta na chupa zao, wanataniana. Brashi alisimama pembeni, akafungua yake, akapiga funda. Akaishusha. Akaitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake akiongea lugha ya wageni. Mimi nikatazama ukuta.

"Dada yako ana mambo," alisema, akacheka kidogo. Hakuniuliza kitu. Aliketi abadili viatu, na hapo ndipo nilipoiona mikono yake. Kamba ya kiatu ilimshinda. Alikuwa kama mtu anayetunga uzi gizani: anakaribia tundu, anapita, anarudi, anapita tena.

"Shemeji, unaumwa?"

"Baridi."

Hakukuwa na baridi. Jasho lilikuwa limemtoka mpaka kwenye nyusi. Ndipo nikakumbuka kwamba kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Brashi huingia stoo na kufunga mlango, na mimi nilidhani anachanganya rangi. Tangu kufuli lile lilipowekwa hakuwa ameingia kunywa. Dada alidhani anamwaga kinywaji cha starehe, kumbe mikono ile ilikuwa imesimama juu ya kile kinywaji kama nyumba juu ya nguzo. Na aliyekwenda kumsemea ni mimi.

Nilitaka kusema turudi nyumbani. Brashi alikuwa anageuka kuwaomba wenzake kinywaji, lakini sauti ya Sindano ikatoka ndani: "Brashi yuko wapi? Wimbo wake huu." Wale wa ngazini wakatusukuma mlangoni kwa vicheko, kama wanavyofanya siku zote.

Tulianza vizuri. Miguu yake ilikuwa ileile, inateleza na kurudi, na kwa muda nikadhani labda miguu haina habari na mikono. Kisha duara likatengenezwa. Nikasimama katikati, nikampa mgongo, nikakunja mikono. Ngoma zilikuwa zinagonga, sauti ya mwimbaji inapanda, na mimi nasubiri vidole viwili.

Havikuja viwili. Kilichonigusa mgongoni kilikuwa kama kuku anayedonoa mahindi, huku na huku, haraka haraka.

Chini yangu palikuwa na mbao, na chini ya mbao saruji. Akilini niliona kisogo changu kikifika pale. Nilisikia hata mlio wake.

"Dondoka basi, dada," akasema mtu. "Unataka tuzeeke?"

"Mwache, anasali kwanza."

Wakacheka. Vidole vikanidonoa tena. Mwimbaji alifika pale panaponiangusha kila wiki, akapapita, mimi nikiwa bado nimesimama.

Nikageuka.

Ukumbi wote uliguna. Brashi alikuwa amenyoosha mikono mbele yake na mikono ilikuwa inaruka. Alinitazama kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa bafuni.

"Geuka," alisema kwa sauti ya chini. "Shemeji, usinifanyie hivi mbele za watu."

"Leo sianguki."

"Anasema nini?" akauliza mtu nyuma.

"Anasema hataki."

"Hajajaza tangi huyo Brashi, hamuoni?" Alikuwa fundi wa matairi, mmoja wa wale wa ngazini. "Mpeni grisi."

Chupa ikapita juu ya vichwa, mkono kwa mkono, humo ndani ambamo hanywi mtu. Sindano alipiga kelele kutoka mezani kwake, hakuna aliyemsikia. Brashi aliipokea kwa mikono yote miwili. Nusu ilimwagika kidevuni, ikashuka kwenye shati, ikadondoka chini kwenye poda. Iliyobaki aliinywa bila kupumua. Sindano akainua mkono wa gramafoni, na muziki ukakatika.

Tulisimama hivyo, watu wote, tukimngoja. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyoogopa nikiwa nimempa mgongo. Kwa sababu mikono ilianza kutulia. Si mara moja. Taratibu, kama maji ya chungu kilichoepuliwa. Akainyoosha, akatandaza vidole, na mbele yangu ikawa ile mikono ninayoijua.

"Tazama," akasema. "Si unaona? Twende sasa. Sindano, rudisha wimbo."

Wengine wakaanza kupiga makofi ya kunihimiza. Nami nilikuwa naitazama ile mikono, nikielewa kwamba miezi yote ile nilikuwa nadakwa na chupa. Akiinywa sana, nachelewa kudakwa. Akiikosa, nakoswa. Nimekuwa nikianguka katikati ya hayo mawili, kwenye nafasi nyembamba kama tundu la kifungo, nikidhani pale nyuma kuna mtu.

"Geuka, mdogo wangu. Nakuomba."

"Hapana," nikasema, na safari hii nadhani hata wa mlangoni walisikia. "Siwezi kukuangukia, shemeji. Leo siwezi, na wiki ijayo siwezi."

Makofi yakafa. Hakuna aliyenitania. Sindano alikuja na tambara, akapiga magoti pale palipolowa, akaugusa ule uji kwa kidole.

"Toka, Brashi," alisema bila kuinua kichwa. "Umeniharibia sakafu. Nenda kapumzike, ndugu yangu."

Watu walitupisha. Nje, kwenye ngazi, hakukuwa na mtu tena. Wote walikuwa wameingia kutazama. Brashi aliegemea ukuta.

"Ulijua ni maji."

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe."

Ndani Sindano alikuwa ameweka wimbo mwingine, wa taratibu, usio na mtu wa kuanguka.

"Kesho kabla hakujapambazuka itaanza tena kutetemeka," alisema, akiigeuza mikono chini ya taa. "Dada yako huwa amelala. Mimi huikalia, nikiisubiri itulie. Jana haikutulia. Usimwambie."

"Nitamwambia."

"Shemeji."

"Nitamwambia usiku huu. Na asubuhi tutakwenda zahanati, watatu. Ukitaka umwambie wewe mwenyewe kwanza, sema wewe."

Sikujua kama atanipiga kofi au atalia, na yote mawili niliyaogopa sawasawa. Hakufanya hata moja. Alinyoosha mkono kuelekea chini ya ngazi.

"Tangulia basi."

Nilishuka ngazi moja. Nikamhisi nyuma yangu, urefu wake wote, na kisogo kikanisisimka, baridi ikanipita mpaka kiunoni. Nikasimama.

"Hapana. Twende sambamba."

"Hatutoshi."

"Tutabanana."

Tukabanana. Ukuta ulinikwaruza bega. Pumzi yake ilinuka, na uzito wake ulikuwa unanijia kila alipokosea hatua. Nilimshika juu ya kiwiko kwa nguvu zangu zote, na kila ngazi niliitafuta kwanza kwa mguu wangu, nikaikanyaga mpaka nikaiamini, ndipo nikamwachia naye akanyage.